Wa mwisho nani?

Foleni yangu ya kwanza haikuwa ya watu, ilikuwa ya magari. Mwaka 1994 nilitoka Newala kwenda Dar es Salaam kwa mjomba, nimemaliza kidato cha nne bila kufaulu, nina begi moja na kifurushi cha korosho. Barabara ya kusini enzi hizo ilikuwa tope masika na mchanga kiangazi, na ukifika Ndundu, kwenye mto Rufiji, safari inasimama. Daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo ni pantoni tu. Tulikuta malori na mabasi yamejazana ukingoni, moja huku, jingine kule, mengine yameelekeza pua yalikotoka. Sikuona mstari wowote. Dereva wetu akashuka, akawaendea wenzake waliokuwa wanakunywa chai chini ya mwembe, akawauliza, "Wa mwisho nani?" Mmoja akainua kidole. Dereva wetu akamtazama sawasawa, akatazama na lori lake, kisha akarudi, akatandika mkeka uvunguni mwa basi na kulala.

Tulilala palepale. Alfajiri magari yakaanza kuteremka kwenye pantoni, moja baada ya jingine, wala hakuna aliyegombana na mwenzake. Nilikuwa nimeona jambo kubwa na sikulijua.

Mwezi haukuisha tangu nifike mjini, mke wa mjomba akaugua, nikatumwa nimpeleke hospitali. Alikuwa hajiwezi. Nikamkalisha kwenye benchi la nje, mimi nikaenda kusimama mlangoni kwa daktari, wima, kama tulivyofundishwa shuleni mkono begani kwa aliye mbele. Ila mbele yangu hapakuwa na mtu. Watu walikuwa wametapakaa, huyu kaegemea ukuta, yule kajilaza kwenye khanga chini ya mti, mama mmoja ananyonyesha kwenye ngazi. Nikajiona nimewahi. Saa nzima nimesimama pale, na kila mlango ukifunguka anainuka mtu kutoka mbali, anaingia, wala hanitazami. Mara ya nne nikapandisha sauti: mimi nimefika zamani, mbona mnanipita?

Mama mmoja mtu mzima akaniita kwa mkono. "Mwanangu, ulipofika ulimuuliza nani?"

Nikamwambia sikumuuliza mtu.

"Basi hujafika bado." Akawageukia watu. "Jamani, wa mwisho nani?" Kijana mwenye bandeji mguuni akajibu ni yeye. "Haya, mtazame kaka yako huyo. Akiingia yeye, unafuata wewe. Akija mtu akiuliza, mwambie wa mwisho ni wewe. Sasa nenda ukakae na mgonjwa wako, unamwachaje peke yake na homa ile?"

Nikaenda kukaa. Mke wa mjomba akaniegemeza kichwa begani. Baada ya muda akaja mzee na fimbo, akasimama katikati ya uwanja, akauliza swali lile lile, na mimi nikainua mkono. Alipoketi alinitazama kwa makini, kama dereva wetu alivyomtazama mwenzake kule Ndundu. Alikuwa ananiweka kichwani mwake. Nilijisikia vizuri sana, sijui niseme vipi. Nilikuwa na wiki tatu katika mji huu na hakuna aliyekuwa amenitazama hivyo.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuangalia foleni, kama wengine wanavyoangalia mpira. Maneno matatu tu, wa mwisho nani, na foleni imepangika bila kamba wala mlinzi. Ipo vichwani mwa watu. Kwa kuwa ipo vichwani, mgonjwa anaweza kulala, mama anaweza kwenda msalani na kurudi, fundi anaweza kutoka kidogo akanunue mhogo wa kuchoma. Ina sheria zake ambazo hukuti zimebandikwa mahali. Ukitoka unaaga pande zote mbili, wa mbele na wa nyuma, "Nishikie nafasi, narudi." Ukirudi huingii kimya, unajitangaza. Na wajuzi hawashiki uso mmoja, wanashika miwili, kwa sababu aliye mbele yako akichoka akaenda zake, usipomjua aliyekuwa mbele yake na wewe umepotea. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Huwezi kuwajua. Lakini asubuhi moja kwenye benchi la hospitali unahitaji kuwajua wawili au watatu, na hao unawajua kweli: gauni, kovu, jinsi anavyokohoa.

Mjomba alikuwa mchongaji pale Mwenge, kwenye vibanda vya vinyago. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupiga msasa. Gogo la mpingo likija lina ganda la rangi ya maziwa ya jana, ukilifikia moyo wake ni mweusi, mgumu, unazimaliza patasi. Wanaanza kwa tezo, wanaingia na patasi na tupa, kisha msasa wa kukwaruza, msasa laini, mwisho kiwi ya viatu na kitambaa mpaka ujione uso. Watalii wengi waliuliza kama ule weusi ni rangi. Mjomba alikuwa anawageuzia kinyago wakaone kitako, pale ganda jeupe lilipobaki.

Yeye alichonga ujamaa, vile vinyago vya watu waliopandana kwenye gogo moja, babu, mama, mtoto, mwenye mtungi, mwenye jembe, wote wameshikana kutoka chini hadi juu. Kuna mtindo mwingine wa shetani, ambao wachongaji wanamtaja Samaki Likankoa kuwa ndiye aliyeuleta miaka ya 1950, na wapo wanaousifu kuliko wote. Mimi napenda ujamaa, na sababu yangu ni ya benchi la hospitali. Kwenye ujamaa hakuna mtu aliyesimama peke yake. Mgongo wa huyu ndio kiti cha yule. Kiwiko cha mama kinaanzia palipoishia goti la mtoto, na mti ni uleule, huwezi kuongeza. Mjomba alikuwa ananiambia, "Mpwa wangu, usitazame unayemchonga, mtazame jirani yake. Ukimkosea jirani umewakosea wote."

Nilimkosea jirani kweli. Siku moja aliniachia nichimbue nafasi ndogo katikati ya vichwa viwili, patasi ikateleza, kichwa cha mwanamke wa juu kikakatika utosini. Miezi miwili ya kazi. Nilikaa chini nikaanza kulia. Mjomba alikigeuza kinyago, akakigeuza tena, akakiweka chini, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi alichukua patasi nyembamba, akashusha paji la uso kidogo, na pale palipokatika akatoa kata, ile pete ya nguo ambayo wanawake wanaiweka kichwani wakibeba mzigo. Kisha akamtafutia mzigo: kichwa cha pili, kile cha jirani, akakifanya mtoto aliyekaa juu ya mtungi. Hakunigombeza hata neno moja. Alisema tu kwamba sasa huyu mama ana kazi, awali alikuwa amesimama bure.

Mkono wangu haukuwa wa mti hata hivyo. Ulikuwa wa herufi. Mwaka 1997 nilihamia Sinza kwa fundi wa kuandika mabango, na hiyo ndiyo kazi iliyonilea mpaka leo. Wakati ule kila duka lilikuwa linaandikwa kwa mkono. Unapiga ukuta rangi nyeupe, unaacha ukauke, unapaka chaki kwenye uzi, mmoja anashika huku mwingine kule, unauvuta katikati na kuuachia, pwaa, mstari umenyooka kama barabara ya Morogoro. Halafu penseli, halafu brashi, na thina ndani ya kopo la maziwa. Tulichora vinyozi, maduka ya dawa, gereji, bucha zenye ng'ombe anayecheka. Tulizipiga daladala mistari ya rangi ubavuni, ile inayoonyesha gari linatoka wapi na linakwenda wapi, na kioo cha nyuma tunaandika maneno ya mwenye gari. Mmoja alitaka "Ukiona vyaelea vimeundwa" na herufi zilikuwa nyingi kuliko kioo. Nililala nikiwaza namna ya kuzipanga.

Kinyozi ndipo mahali nilipojifunza kazi. Kwa sababu kinyozi ana foleni, na foleni ina macho. Fundi wangu alinipa ukuta wa saluni moja ya Manzese niumalize peke yangu: jina, bei, na vichwa vinne vya mitindo ya nywele. Benchi lilikuwa limeegemezwa ukuta uleule. Vijana saba wanangoja kunyolewa, mimi nipo juu ya stuli nyuma yao, na hawana kingine cha kutazama. "Kaka, hiyo S imelala." Nikashuka nikaitazama kwa mbali. Imelala kweli. Nikaifuta kwa thina, nikaiandika upya. "Huyu wa tatu sikio moja liko juu." Nikapima kwa brashi, likawa juu kwa nusu kidole. Mzee mmoja aliyekuwa amekuja kunyoa ndevu alikaa kimya muda wote, zamu yake ikapita akampisha kijana aliyemfuata, akaendelea kukaa. Mwisho akasema, "Kijana, hawa watu wako hawatazamani. Wanne wamekaa ukuta mmoja, kila mtu anaangalia kwake." Nikamgeuza yule wa pili shingo kidogo. Ukuta ukawa mwingine. Sikuwa na la kumlipa yule mzee, na jina lake sikuliuliza.

Mtu anayengoja anaona kuliko mtu anayepita. Anayepita anasoma SALUNI na kwenda zake. Anayengoja anaisoma herufi moja moja mara hamsini, anaona pale brashi ilipoishiwa rangi, anaona fundi alipokuwa na njaa. Niliacha kulipua kazi baada ya kulijua hilo. Ninapopewa ukuta swali langu la kwanza kwa mwenye duka ni hili: watu wanakaa upande gani?

Jumapili nilikuwa nakwenda kwa miguu mpaka Oysterbay, kwenye Morogoro Stores, kuwatazama wachoraji wa Tingatinga. Edward Said Tingatinga alikuwa mtu wa kusini kama sisi, wa Tunduru. Alianza kuchora mwaka 1968 kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, na mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi aliyedhani gari lao ni la wahalifu. Miaka minne tu. Ndugu na jamaa aliowafundisha, akina January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Simon Mpata, walibaki na brashi mkononi, wakawafundisha wengine, na mwaka 1990 kundi lao likawa chama cha ushirika. Nilipowakuta miaka ya tisini walikuwa wanakaa wengi kwenye baraza moja. Kijana mgeni anakaa nyuma ya bega la mkongwe, anachora chui yuleyule, madoa yaleyale, miezi mingi. Wapo wasomi wanaosema ile si sanaa, ni kuigana. Inaniuma nikilisikia. Nimekaa pale nikaona: madoa ya chui wa yule kijana yanaanza kufanana na ya mwalimu, kisha siku moja anamtia chui jicho ambalo mwalimu hana, na walio pembeni wanaacha brashi kuja kutazama. Alipokea kwa mtu, na wa nyuma yake atapokea kwake.

Neno foleni lenyewe ni la kijeshi, limetokana na amri ya Kiingereza ya kuwapanga askari. Nililijua ukubwani. Likanifanya nimtazame upya yule askari wa shaba wa barabara ya Samora, ambaye wazee wanamwita Bismini. Nilikuwa nimepita chini yake mara mia, "tukutane kwenye sanamu", kama watu wote. Aliwekwa mwaka 1927, ni kazi ya James Alexander Stevenson, kwa ukumbusho wa askari na wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na singe yake imeelekea bandarini. Wapagazi wale, Carrier Corps, ndio waliotuachia jina la Kariakoo. Kwa hiyo Kariakoo na foleni yote yametoka vitani. Watu walipangwa mstari kwa amri, wabebe mizigo ya vita ambavyo havikuwa vyao. Sisi wa mji huu tukalichukua neno tukaondoa amri. Magari yakikwama Ubungo ni foleni, wauza maji na karanga wakipita kati ya magari wanaishi kwa hiyo foleni, na mama wajawazito wakikaa kivulini kila mtu kwake huku wanaulizana wa mwisho nani, ni foleni pia.

Mama mwenye nyumba wangu wa Magomeni alikuwa na hadithi za foleni za mwanzo wa miaka ya themanini, sukari ilipoadimika, na sabuni, na mafuta ya kula. Alinisimulia jioni nyingi, anachambua mchele. Walikuwa wanatoka usiku kwenda kupanga duka la ushirika. Huwezi kukesha na watoto wamelala nyumbani, kwa hiyo unaweka jiwe. Jiwe lako. Yeye lake lilikuwa kipande cha tofali la kuchoma chenye tundu moja, na jirani yake alikuwa na kikapu kilichotoboka. Alfajiri unarudi unalikuta tofali lako lipo palepale, baina ya kikapu na kopo la Kimbo. "Na hakuna aliyelisogeza?" nilimuuliza. Alinitazama kama nimemtukana. "Wangelisogezaje? Si walikuwa wanalijua ni la kwangu." Wakati mwingine duka lilifunguliwa na sukari haikuwepo. Waliokota mawe yao wakarudi nyumbani. Tofali lile alikuwa nalo bado, linazuia mlango wa jikoni usifungwe na upepo.

Sitaki mtu adhani nasema mji huu ni wa wapole. Jioni ya Posta niliifahamu vizuri, daladala moja na watu mia, mpiga debe anaita, vijana wanapenya madirishani. Pale hakuna anayeuliza wa mwisho nani. Mwaka 2001 nilikuwa kijana wa kwanza kupenya. Nilikuwa na viwiko. Jioni moja ya mvua gari liliposimama nilijirusha mlangoni, na kiwiko changu kikampiga mama aliyekuwa ametoka Feri na ndoo ya samaki. Ndoo ikaanguka. Changu na tasi wakamwagika kwenye maji machafu ya barabara. Nilikuwa tayari nimeweka mguu ngazini. Akanitazama, mvua inamtiririka usoni, hakupiga kelele. Alisema, "Baba, ungeniuliza ningekupisha."

Sikushuka. Nilikwenda kukaa kiti cha dirishani, gari likachelewa kuondoka, na kwa dakika kama tano nilimwona ameinama anaokota samaki mmoja mmoja, anawafuta kwa ncha ya khanga, anawarudisha ndooni. Watu wawili walimsaidia. Mimi nilikuwa nimekaa. Nimechora sura nyingi katika maisha yangu, kwa fedha na kwa mapenzi, na ile ya yule mama ndiyo ninayoiona wazi kuliko zote, lakini kila nikiishika penseli mkono unakataa.

Baada ya siku ile niliacha kugombania gari. Nilikuwa natembea kwa miguu mpaka mahali linapogeuzia, au nasubiri mpaka saa mbili usiku watu wapungue. Nikawa naona vitu ambavyo wenye haraka hawavioni: muuza kahawa anavyogonganisha vikombe vyake, ting-ting, kila mmoja na mlio wake ili wateja wamtambue kwa mbali; wazee wa drafti wanaocheza kwa vizibo vya soda, na walio nyuma yao wanaongoja zamu wakiwa wameshazipanga kete kichwani; watu ishirini wamekizunguka kibanda cha magazeti, wanasoma kurasa za mbele bila kununua, na mfupi akija wanampisha mbele.

Mambo yamebadilika, mengine kwa heri. Mabasi ya Mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, kutoka Kimara mpaka Kivukoni kwa njia yake yenyewe, nilipanda kwa furaha kabisa, na bado napanda. Maofisi nayo yamepata mashine za namba. Nilikwenda ofisi moja kulipia kiwanja, nikachukua karatasi, namba 84. Ukumbi mzima watu wameinamisha vichwa, huyu anaangalia karatasi, yule anaangalia kioo. Mara mashine ikaganda kwenye 61. Kwa robo saa hakuna aliyejua la kufanya. Maofisa wanabonyeza vitufe, watu wanaanza kusogea dirishani, sauti zinapanda, bibi mmoja amebanwa kwenye kona na mkongojo wake. Hapo dada mmoja nyuma kabisa akasimama juu ya kiti. "Jamani, sitini na moja ni nani?" Mtu akainua mkono. "Nyuma yake nani?" Mkono mwingine. Dakika tano hazikupita, ukumbi mzima ulikuwa umegeuka, watu wanatazamana usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na yule bibi amepelekwa mbele bila mtu kuulizwa.

Kazi yangu imepungua. Mabango siku hizi yanachapwa, unaletewa picha yako umetabasamu kwenye turubai la plastiki, yanakwisha kupauka kabla ya mwaka. Simlaumu mtu. Ukuta niliouandika Manzese ulivunjwa barabara ilipopanuliwa. Mjomba alifariki, vifaa vyake anavyo mwanangu wa pili, ambaye mkono wake ni wa mti. Mimi naitwa bado kwa kazi ambazo turubai haliziwezi, sakafu, ngazi, kuta zenye nundu.

Mwezi uliopita niliitwa kwenye zahanati moja, ng'ambo ya Kigamboni. Mganga mfawidhi ni kijana mzuri, anahangaika na wagonjwa wake. Alitaka mstari wa njano sakafuni, kuanzia mlangoni kwake mpaka uani, wenye vituo kila hatua, na juu ya ukuta maneno PANGA FOLENI HAPA na mshale. Niliuandika kwa moyo wote. Nilipiga uzi wa chaki kama zamani, mke wangu ameshika upande wa pili. Nilikaa benchini kabla ya kuanza herufi, ili nione mgonjwa ataziona kwa pembe gani. Mshale niliupa kiuno kidogo usionekane mkali. Tukamaliza jioni, tukazungushia kamba ili pakauke.

Kesho yake asubuhi nilirudi kupiga mkono wa pili kwenye maandishi. Nilikuta kamba imefunguliwa na uwanja umejaa watu, wote wapo chini ya mwembe, kinamama na watoto, mzee mmoja amelala chali na kofia usoni. Juu ya mstari wangu hapakuwa na mtu. Kulikuwa na madaftari ya kliniki yaliyopangwa moja baada ya jingine, kila kituo na lake, mengine yamewekewa kijiwe yasipeperuke. Baina yake kulikuwa na chupa ya maji, kikapu cha ukili, mwavuli uliofungwa, na mwisho kabisa, karibu na uani, ndala moja ya bluu ya mguu wa kushoto.

Nilisimama pale nikautazama ule mstari mpaka nikasahau kilichonileta. Nikamkumbuka mama mwenye nyumba na tofali lake. Na kwa kuwa presha yangu ilikuwa inapanda na kushuka wiki ile, na mke wangu ameshanisema sana, niliona nipime palepale.

"Hodi jamani. Wa mwisho nani?"

Binti mmoja chini ya mwembe, mguu mmoja una ndala na mwingine mtupu, akainua mkono. "Mimi hapa, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Nikaweka kopo langu la rangi nyuma ya ndala yake, nikaenda kukaa kivulini.